Walipanda Juu ya Paa: Kumtetea Ndugu Aliye Ndani Geti Linapofungwa



Somo letu la leo limezaliwa na swali. Nilikuwa likizo nyumbani Namswea, tumekaa na vijana wa VIWAWA baada ya Misa, tukawa tunapitia matendo ya huruma. Tulipofika kwenye kuwatembelea wagonjwa, kijana mmoja akanyoosha mkono: "Frateri, sasa kama nimeenda kumwona mgonjwa wangu na getini wakanikatalia, hilo tendo si nimeshalimaliza? Mimi nimefika, wao ndio wamezuia."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilinigusa mahali panapouma. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi. Ndiyo haya.

Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome taratibu: Marko 2:1-12, Yohane 5:1-9 na Mathayo 25:31-46. Ukiwa na muda ongeza Esta sura ya 4 na ya 5.

Bibi na geti

Bibi yangu mzaa mama ni Mmatengo wa Namswea kweli kweli. Amelima ngoro mpaka mgongo ulipokataa, amechuma kahawa, amelea watoto saba na wajukuu wasiohesabika. Mimi huniita "mume wangu" kwa utani, ingawa anajua vizuri kwamba huko niendako hakuna kuoa.

Mwaka mmoja alianguka akivunjika nyonga. Alitibiwa, lakini hakuweza tena kutembea bila kushikwa. Watoto wake wawili ni marehemu, waliobaki wako Dar es Salaam, Songea na Makambako. Familia ikakaa kikao, na baada ya maneno mengi na machozi kidogo, ikaonekana apelekwe kwenye makao ya wazee, mbali na kwetu, safari ya siku nzima kwa basi. Jina la makao hayo silitaji, maana somo hili si la kumshtaki mtu.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Mama mdogo alikuwa anafika kila baada ya wiki mbili. Kisha ukazuka ugonjwa wa kuhara pale ndani, uongozi ukafunga milango. Wageni wakaruhusiwa Jumamosi moja kwa mwezi, dakika kumi na tano, kuongea kupitia kwenye uzio. Tulielewa. Ugonjwa ni ugonjwa. Lakini ugonjwa uliisha, na sharti likabaki.

Siku moja mama mdogo alipiga simu sauti ikitetemeka. "Mama amekonda, na haongei." Alipouliza, mhudumu alimjibu kwamba bibi amechanganyikiwa, anaongea maneno yasiyoeleweka.

Yasiyoeleweka! Bibi alikuwa anaongea Kimatengo. Pale ndani hapakuwa na mtu anayekijua.

Sasa sikia tulichofanya kama familia: hatukufanya kitu. Mjomba alisema, "Tumeshawakabidhi mgonjwa, tusiwasumbue wenye kazi yao. Tukiwaudhi, watamalizia hasira kwake." Wengine wakanyamaza. Mimi niliyerudi kutoka masomoni na shahada ya falsafa, niliyeandika kurasa nyingi kuhusu hadhi ya binadamu, nilisema tusubiri kidogo. Tulisubiri wiki sita.

Hatimaye nilienda mwenyewe. Haikuwa siku ya wageni. Getini alikuwepo mama mmoja mtu mzima, ameketi chini ya mwembe na beseni lililofunikwa kitambaa. Mlinzi aliniambia ameanza kukaa pale tangu asubuhi, anataka kumwona kaka yake, na utaratibu haumruhusu. Kisha mlinzi akaangalia msalaba kifuani mwangu, akauliza, nikamjibu mimi ni mseminari. Akafungua geti. "Frateri, wewe pita."

Nikapita.

Nilikaa na bibi dakika ishirini hivi. Alikuwa amekonda kweli, na midomo ilikuwa inacheza. Nilimsogezea sikio. Alikuwa anataja marehemu wetu, mmoja mmoja, kwa Kimatengo, akiwaombea, kama anavyofanya kila siku tangu nimfahamu. Huyo ndiye aliyeandikwa kwamba amechanganyikiwa. Na kukonda kwake kulikuwa na sababu nyepesi: bibi hana meno, na makande ya pale yalikuwa magumu. Alijaribu kueleza, hakueleweka, akaacha kueleza.

Nilipotoka, yule mama alikuwa bado chini ya mwembe. Akaniuliza, "Umemwona wako?"

"Nimemwona, mama."

"Haya, ashukuriwe Mungu."

Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Nilipanda bodaboda nikaondoka, wala sikumuuliza jina lake.

Maana ya "kutembelea"

Turudi kwenye swali la kijana wetu. Katika Mathayo 25, pale Bwana anapowashukuru waliomwendea akiwa mgonjwa, Injili ya Kigiriki inatumia kitenzi *episkeptomai*. Maana yake ni pana kuliko kupiga hodi na kuketi kitandani. Ni kumwangalia mtu, kuchunguza hali yake, kumshughulikia. Kitenzi hicho hicho kipo katika utenzi wa Zakaria, Luka 1:68, tunaousali kila siku katika Masifu ya Asubuhi, pale Mungu anaposifiwa kwa kuwajilia watu wake na kuwakomboa. Mungu hakuja kutusalimia akarudi zake. Alikuja kushughulika na hali yetu.

Kwa hiyo jibu fupi ni hili: geti lililofungwa linaweza kukuzuia kuingia. Haliwezi kukuondolea wajibu wa kushughulika. Ukikatazwa mlangoni, tendo lako la huruma halijaisha. Linabadilika umbo, kutoka kutembelea linakuwa kutetea.

Na kutetea si jambo geni katika imani yetu. Roho Mtakatifu mwenyewe, katika Injili ya Yohane, anaitwa *Parakletos*, yaani aliyeitwa asimame kando ya mtu. Walatini walitafsiri *advocatus*, aliyeitwa upande wako, na ndilo neno walilotumia kwa mtetezi wa mahakamani. Ukimtetea bibi yako unafanya, kwa udogo wako, kazi inayofanana na ya Roho Mtakatifu: unasimama kando ya mtu ambaye sauti yake haifiki.

Mtu asiye na mtu

Katika Yohane 5 yuko mgonjwa aliyeugua miaka 38, amelala karibu na bwawa la Bethzatha. Ona vizuri: huyu yuko ndani ya mahali pa tiba. Maji yapo, wagonjwa wenzake wapo, matao matano yapo. Yesu anapomuuliza kama anataka kupona, jibu lake halitaji ugonjwa kabisa. Anaeleza kwamba hana mtu wa kumtia bwawani.

Vijana, mtu anaweza kuwa ndani ya jengo zuri, ana kitanda, ana neti, ana chakula mara tatu, na bado akawa hana mtu. Wahudumu wengi ni watu wema, nimewaona. Lakini mhudumu mmoja akiwa na wazee wengi zamu nzima, hawezi kujua kwamba huyu sikio la kushoto halisikii, na kwamba yule akinung'unika anasali. Anayejua ni wewe. Ujuzi huo ni mali ya mgonjwa, na ukiuweka kifuani bila kuusema unamnyima kilicho chake. Mtakatifu Toma wa Akwino anafundisha kwamba haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mtu kilicho chake. Basi mambo unayoyajua kuhusu bibi yako, ukiwa umenyamaza nayo, hayajamfikia mwenyewe.

Taifa letu nalo lina msimamo hapa. Katiba yetu, ibara ya 12, inatambua usawa wa watu wote na kustahili kwao heshima ya utu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia umri wa miaka 60, na inaiona familia kuwa mahali pa kwanza pa kumtunza, makao yakiwa njia ya mwisho. Maana yake ni kwamba mzee akishapelekwa kwenye makao, familia haijastaafu.

Si kila zuio ni ubaya

Hapa tuwe waangalifu, maana vijana tukishapata moto tunachoma na visivyohusika. Tarehe 21 Machi 2023 serikali yetu ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Watu sita walifariki, na miongoni mwao alikuwemo mhudumu wa afya. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Katika hali kama ile, mlinzi anayekuzuia getini anakupenda kuliko ndugu anayekusukuma uingie.

Kwa hiyo usianze na hasira, anza na maswali. Mimi hupima zuio kwa mambo matatu. Je, lina sababu inayoelezeka? Je, linalingana na hatari yenyewe, au limepita kiasi? Je, lina mwisho, au angalau siku ya kuangaliwa upya? Zuio lenye vyote vitatu tulitii, hata kama linauma. Likikosa kimoja, tuna haki ya kuuliza. Sharti la makao ya bibi lilikuwa na sababu mwanzoni. Sababu ilipoondoka, halikuwa na mtu wa kuliondoa. Masharti mengi hubaki hivyo, si kwa ukatili, ila kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Waliotutangulia

Mwaka 1873, tarehe 10 Mei, padre kijana wa Ubelgiji aliyeitwa Damiano alifika Molokai, visiwa vya Hawaii, mahali wakoma walipokuwa wakipelekwa na kutengwa kwa amri ya serikali. Zuio likamkuta na yeye: akakatazwa kutoka. Mkubwa wake wa shirika alipokuja kwa meli, hakuruhusiwa kushuka, wala Damiano hakuruhusiwa kupanda. Basi Damiano akasimama ndani ya mtumbwi, akaungama dhambi zake kwa sauti kubwa kwa Kifaransa, padre mwenzake akimsikiliza toka juu. Hebu fikiri! Kilichozuiwa kilikuwa mguu. Sauti ilipita.

Lakini Damiano hakuishia kwenye sala. Aliandika barua baada ya barua kwa mamlaka ya afya akidai mbao, maji, dawa, chakula. Wakubwa wengine walimwona msumbufu. Alikufa kwa ukoma tarehe 15 Aprili 1889, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Siku hiyo hiyo alitangazwa pia Jeanne Jugan wa Ufaransa, ambaye mwaka 1839 alimpa mama kipofu aliyepooza kitanda chake mwenyewe, yeye akaenda kulala darini. Toka kitanda kile likazaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao mpaka leo wanatunza wazee, na hata Nairobi wapo. Mtetezi wa waliotengwa na mama wa wazee, siku moja, altare moja.

Na si watakatifu tu. Uingereza, mwezi Februari 2014, mzee mmoja, Dk. John Gerrard, aliyekuwa na ugonjwa wa kusahau, alilazwa kwa sababu ya vidonda vya miguu. Wageni walizuiwa kwa sehemu kubwa. Aliingia akitembea na kuongea. Baada ya wiki tano alitoka hawezi kutembea wala kujilisha, na Novemba mwaka huo akafariki. Binti yake, Nicci Gerrard, pamoja na rafiki yake Julia Jones, wakaanzisha kampeni iliyobeba jina la mzee huyo, wakiomba jambo moja: ndugu wa mtu mwenye ugonjwa wa kusahau waruhusiwe kukaa naye hospitalini. Hospitali moja baada ya nyingine zikakubali. Kisha ikaja korona, milango ya makao ya wazee ikafungwa nchi nyingi, na familia zikaendelea kudai. Tarehe 6 Aprili 2024 ikaanza kutumika kule England kanuni inayotaka makao na hospitali ziruhusu wageni, isipokuwa pale penye sababu ya pekee. Ilichukua miaka kumi. Ilianza na binti mmoja aliyekataa kunyamaza.

Kamba nne

Sasa Marko 2. Nyumba imejaa, mlango hauingiliki. Watu wanne wamembeba aliyepooza. Wangeweza kurudi nyumbani na kusema, "Tulifika, ila kulikuwa na watu." Wakapanda juu ya paa, wakatoboa, wakamteremsha. Na Marko anatuambia kwamba Yesu aliiona imani yao, wale wabebaji.

Nimewahi kuitafakari hii picha nikiwa nasaidia kuteremsha mgonjwa kwenye machela mlimani kwetu. Kitanda kikiteremshwa kwa kamba nne, mmoja akiachia haraka kuliko wenzake, mgonjwa anamwagika. Kwa hiyo kutetea ni kazi ya kushika pamoja. Hizi ni kamba tulizojifunza sisi, kwa kuchelewa.

*Kamba ya kwanza: msemaji mmoja.* Kwetu walikuwa wanapiga simu watu watano, kila mtu na lake. Mmoja anataka bibi arudishwe, mwingine anatukana, mwingine anaomba msamaha kwa niaba ya aliyetukana. Tulipokaa tena kikao tulimchagua mama mdogo, kwa sababu ndiye anayemjua bibi vizuri na hana hasira za karibu. Mjomba alikubali, ingawa ilimchukua muda.

*Kamba ya pili: ukurasa mmoja.* Tuliandika karatasi moja tu yenye kichwa "Mfahamu mama yetu." Jina analopenda kuitwa. Lugha yake ni Kimatengo, Kiswahili anakielewa ukisema polepole upande wa sikio la kulia. Meno hana, apewe ugali laini na mboga iliyoiva sana, dagaa anapenda ila wasagwe. Akicheza midomo anasali, asikatizwe. Akiitwa kwa ukali hugeukia ukutani. Chini tukaandika maneno kumi ya Kimatengo na maana yake: maji, chakula, naumwa, choo, asante, na mengine. Karatasi hii ilifanya kazi kuliko malalamiko yote, kwa sababu ilimsaidia mhudumu kazi yake.

*Kamba ya tatu: maandishi.* Daftari la shilingi mia tano linatosha. Andika tarehe, saa, umeongea na nani, amesema nini, ameahidi lini. Usiandike "hawamjali kabisa." Andika "tarehe fulani tulimkuta na nguo ile ile tuliyomwona nayo wiki iliyopita." Neno la kwanza linaleta ugomvi, la pili linaleta jibu. Na unapoomba, omba kitu kinachotendeka. Barua yetu ilikuwa fupi, hivi: "Tunawashukuru kwa kumtunza mama yetu. Tunaelewa sababu ya kuzuia wageni wakati wa ugonjwa. Tunaomba kujua kama sababu hiyo bado ipo na lini utaratibu utaangaliwa upya. Wakati tukisubiri, tunaomba simu moja kila Jumapili, mgeni mmoja wa kudumu kwa kila mzee, na padre aruhusiwe kumpelekea Komunyo Takatifu." Zingatia maneno "kwa kila mzee." Nitarudi hapo.

*Kamba ya nne: ngazi.* Anza na mhudumu wa zamu, kisha msimamizi wa makao. Wape muda wa kujibu. Wasipojibu, nenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, hiyo ndiyo kazi yake na huhitaji kumjua mtu. Juu yake ipo wizara inayoshughulikia ustawi wa wazee, na kwa jambo zito la haki ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Usiruke ngazi, na tafadhali usianzie kwenye mitandao. Picha ya bibi yako akiwa amejichafua itasambaa mpaka baada ya kifo chake, na yeye hakukubali. Lakini ukiona kipigo, njaa, au hatari ya maisha, hapo hakuna kungoja ngazi. Toa taarifa polisi na ustawi wa jamii siku hiyo hiyo.

Na jambo la mwisho kuhusu paa. Injili haisemi nani alilitengeneza baadaye. Mimi napenda kuamini kwamba wale wanne walirudi na udongo. Ukishamtetea ndugu yako, rudi ukatengeneze uhusiano. Wale wahudumu ndio watakaokuwa naye usiku wewe ukiwa umelala. Mama mdogo siku hizi hafiki pale bila kumsalimia mpishi kwa jina.

Muulize mwenyewe

Simu ya kwanza ya Jumapili ilipokubaliwa, sote tulikuwa tumeshaamua: bibi arudi Namswea, hata kama hatujui nani atamwinua asubuhi. Mama mdogo akaweka sauti ya wazi tusikie wote. Bibi akauliza kwanza kama kahawa imeshachumwa. Akauliza habari za mbuzi. Akaniuliza, "Mume wangu, umeshakuwa padre?" Nikamwambia bado. Akasema, "Unachelewa."

Kisha mama mdogo akamwambia tunataka kumrudisha. Kimya. Halafu bibi akasema hataki. Tulidhani hajasikia vizuri, ikarudiwa. Hataki. Kitanda cha jirani yupo mzee mwenzake kipofu, ambaye kila mlo bibi ndiye anamnawisha mikono. Lugha yao haifanani, wanaelewana kwa mikono na kicheko. "Nikiondoka, yule ananawishwa na nani?"

Tulinyamaza wote. Sisi tulikuwa tumehangaika kwamba bibi hana mtu, kumbe bibi mwenyewe alikuwa ameshakuwa mtu wa mwingine. Tulikuwa tayari kumtetea kwa jambo ambalo hakuliomba, na kumwondolea jambo ambalo Mungu alikuwa amempa. Kijana, usisahau hili: mtetezi anabeba sauti ya mtu, hachukui nafasi yake. Hata Yesu, aliyejua yote, alimuuliza kwanza yule wa Bethzatha anataka nini.

Geti langu na geti la wote

Nilisema nitarudi kwenye "kila mzee." Maneno hayo niliyaweka mimi, na nilikuwa nalipa deni. Siku ile mlinzi aliponifungulia kwa sababu ya msalaba kifuani, nilimwona bibi, na hilo nashukuru. Lakini mama wa beseni alibaki nje kwa sababu hakuwa na cha kumfungulia geti. Esta alikuwa na nafasi yake ndani ya jumba la mfalme, na Mordekai akamkumbusha kwamba huenda aliipata kwa ajili ya taifa lake. Alifunga siku tatu, kisha akaenda kwa mfalme bila kuitwa, akijua anaweza kufa. Mimi nilikuwa na nafasi, nikaitumia kwa dakika ishirini zangu.

Kujuana kunamsaidia wako. Haki inamsaidia na wa jirani. Sisi Wakristo tumeitwa kwenye ya pili.

Mama mdogo alizungumza na ndugu wengine pale kwenye uzio, wakatia saini barua ile pamoja. Baada ya miezi miwili uongozi ulikubali mgeni mmoja wa kudumu kwa kila mzee, mara moja kwa wiki, na simu za Jumapili. Padre wa parokia ya jirani sasa anaingia na Komunyo. Bado kuna mambo hayajakaa sawa, na bado tunaandika. Mama mdogo alimtafuta yule mama wa beseni ili amwambie. Hajamwona tena mpaka leo.

Papa Fransisko alianzisha mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, Jumapili ya nne ya mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Mwaka huu isipite kwa nyimbo tu. Jumuiya ndogondogo zetu zinawajua wagonjwa wa nyumbani. Je, zinajua waliopelekwa mbali, hospitalini, kwenye makao, kwenye vituo vya wenye ulemavu, kwa wagonjwa wa akili? Wale mara nyingi majina yao tunayafuta tukidhani sasa ni wa wengine.

Maswali ya kutafakari

1. Katika ukoo wenu, nani yupo mbali kwenye uangalizi wa watu wengine? Mara ya mwisho kujua hali yake ilikuwa lini?
2. Ninyamazapo, ni kwa heshima, kwa hekima, au kwa woga?
3. Ni jambo gani moja ninalolijua kuhusu ndugu yangu ambalo anayemhudumia halijui?
4. Je, nimewahi kufunguliwa geti ambalo mwenzangu alifungiwa? Nilifanya nini baada ya kuingia?

Azimio la wiki

Chagua mmoja. Mwandikie "ukurasa mmoja" wake, au piga simu anakoishi, uulize hali yake kwa upole, na uandike jibu kwenye daftari. Ukiwa huna ndugu wa namna hiyo, waulize VIWAWA au TYCS wenzako, mmoja wao atakuwa naye.

Sala

Bwana Yesu, uliwaona wanne juu ya paa na hukuwakasirikia kwa kubomoa. Tupe mikono ya kushika kamba pamoja. Tuondolee woga unaojiita heshima, na hasira inayojiita haki. Wabariki wanaowahudumia wazee wetu usiku na mchana, uwape nguvu na uvumilivu. Uwe karibu na walio ndani wasiosikika, na walio nje wasioruhusiwa. Umkumbuke yule mama wa beseni na kaka yake. Mimi sijui majina yao, wewe unayajua. Amina.

Mtakatifu Yoakimu na Mtakatifu Anna, mtuombee.

Ndugu yenu, Frateri wa Namswea